Bega la Kushoto la Damas Limbu

Hadi leo wapo watu Ntalikwa wanaosimulia kwamba siku ya mbogo Damas Limbu alijificha nyuma ya baba yake. Husimulia wakicheka, na kila anayesimulia huongeza chake: mmoja atasema Damas alikuwa amefumba macho, mwingine atasema mzee ndiye aliyefyatua bunduki. Wajukuu wa ukoo huo wameyasikia maneno hayo shuleni wakarudi nayo nyumbani. Waliokuwa karibu siku ile hawakusimulia hivyo. Lililotokea ni jingine, na mwanzo wake si mbogo wala bunduki. Mwanzo wake ni mkono.

Damas alizaliwa katika nyumba ya mwalimu wa dini. Baba yake, Nikolaus, alifundisha katekisimu kigangoni Ntalikwa, akajulikana kuanzia Kipalapala hadi mjini Tabora kwa shati lake jeupe lisilokuwa na kunyanzi, na kwa watoto wake wa mafundisho walioketi wima kama mishumaa ya altare. Mtu kama huyo akapata mtoto wa kiume ambaye kila kitu alikifuata kwa mkono wa kushoto: kijiko, kiazi, mkia wa mbuzi. Mgeni akimpa karanga, mtoto alizipokea kwa kushoto, na wageni wakatazamana.

Nikolaus hakumpiga. Nyumba ile haikuwa nyumba ya kupiga watoto. Alichana ukanda wa kitambaa safi, akaufunga mkono wa kushoto wa mtoto kiunoni wakati wa kula na wakati wa kuandika, na kila mkono ulipotaka kuchomoka alisema kwa upole, "Kulia, mwanangu." Neno hilo Damas alilisikia utoto wake wote. Kufikia Komunyo ya kwanza alikula kwa kulia, aliandika kwa kulia, alisalimia na kufanya ishara ya msalaba kwa kulia, na ukanda ule ukaenda kufungia mdomo wa kilindo cha unga. Kijiji kikaamini kwamba jambo limekwisha. Nikolaus aliamini kuliko wote, hata watoto wengine wa mashoto wakawa wanaletwa kwake, naye akawafunga ukanda vilevile.

Shambani tu, Damas akiwa peke yake, ndipo mkono ulipojirudia. Akishika shoka kukata mti wa mtundu, akiokota jiwe kumtupia ngedere, mkono wa kushoto ulitangulia bila kuuliza ruhusa, na jiwe lilifika lilikotumwa. Akisikia hatua za mtu njiani, alihamisha shoka.

Vita vya pili vilipokuja, Damas akaingia jeshini, na huko akakutana na bunduki ya komeo. Yeyote aliyewahi kuishika anajua ilivyotengenezwa. Komeo, ambalo askari waliliita bolti, liko upande wa kulia. Mtu wa mkono wa kulia akishafyatua, mkono huohuo unapanda kidogo, unainua mpini wa komeo, unavuta, ganda linaruka nje, unasukuma, risasi nyingine inaingia. Muda wote huo kitako hakijaondoka begani na jicho halijaacha shabaha. Mtu wa mashoto akiiweka bunduki ileile bega la kushoto, mkono wake unaofyatua uko upande usio na komeo. Lazima auachilie, auvushe juu ya bunduki, ahangaike kama mtu anayejikuna mgongo, na akimaliza bunduki imeshainama na shabaha imeshapotea.

Siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha Damas alilala chini, na bila kufikiri akaweka kitako bega la kushoto. Kiwiko chake kikamgonga jirani yake. Sajini akaja akasimama juu yake.

"Wewe, unalala na nani hapo?"

"Mimi ni wa mashoto, afande."

"Bunduki ya Mfalme haina mashoto. Hamisha."

Akahamisha. Lakini jicho lake lililojua kulenga lilikuwa la kushoto. La kulia lilikuwa linasindikiza tu. Risasi zake zilipita pembeni, zikala udongo. Bahati yake, jeshi lilihitaji walinzi wa maghala zaidi ya walenga shabaha, akawekwa kulinda magunia, na vita vilipokwisha akarudi Ntalikwa na koti zito, viatu vya ngozi na sifa ya uaskari. Akamwoa Josepha, wakapata binti, Pelagia. Hakuna aliyemuuliza kama alipokuwa huko alimpiga mtu au jiwe.

Hapo ndipo mashaka yake yalipoanzia. Baraza la mtemi lilikuwa na bunduki ya kulinda mashamba dhidi ya nguruwe pori na wanyama wakubwa, na aliyekuwa akiishika alikuwa amezeeka. Kasimiri, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi, akasema mbele ya watu wote kwamba hakuna haja ya kutafuta mbali: yuko mtu aliyefundishwa na jeshi, tena mtoto wa Mwalimu. Watu wakapiga makofi. Damas alifungua kinywa aseme, akamwona baba yake ananyoosha kola ya shati kwa fahari, akakifunga. Bunduki aliipokea kwa mkono wa kulia.

Tangu siku hiyo hakuamka asubuhi hata moja bila kuikumbuka kabla ya kukumbuka kitu kingine chochote. Ilisimama pembeni mwa kitanda kama mgeni asiyeaga.

Akawa anaishi kwa ujanja. Nguruwe wakiingia shambani akiwa peke yake, aliweka kitako bega la kushoto, akalenga, akaangusha mmoja, na wengine walikimbia kabla hajamaliza kuhangaika na komeo. Mmoja alitosha. Watu wakiandamana naye, aliweka bega la kulia, akakosa, akasema, "Wamekimbia, inatosha." Josepha alijua. Jioni, akimkanda mumewe kwa maji ya moto, aliona wekundu wa bega la kushoto siku moja na wa bega la kulia siku nyingine, na hakuhitaji kuuliza ni siku ipi nyama ililetwa nyumbani.

Masolwa hakujua, naye ndiye aliyekuwa msasi wake wa kufuata nyayo, Msukuma aliyehamia pale kwa ajili ya asali akabaki kwa ajili ya mke. Alisoma nyayo kama wengine wanavyosoma sala, na mdomo wake haukupumzika.

"Ndugu yangu," alisema siku moja nguruwe walipokwenda zao salama wote, "hiyo bunduki umeichukua peke yake? Hukupewa na risasi?"

"Upepo."

"Upepo. Basi mwambie Mwanangwa akutafutie bunduki isiyopeperuka. Au tuipeleke ikachanjwe. Kuna mzee ng'ambo ya reli, anachanja kitako tu, haumizi."

Wapo wanaodai kwamba ilipelekwa. Haikupelekwa. Bunduki ya baraza iliyokaa katika nyumba ya mwalimu wa dini haikwenda kwa mganga yeyote. Ilikwenda mjini kwa fundi Yahaya, nyuma ya soko, mchana, mbele ya watu. Yahaya aliichungulia mtutu, akapitisha ndani kitambaa chenye mafuta, akalivuta komeo na kulisukuma.

"Bunduki haina neno, bwana," akasema. "Labda neno liko nyuma ya bunduki." Akacheka, maana ndiyo mizaha ya mafundi. Damas alirudi njia nzima hajui kama mtu yule alikuwa anatania au alikuwa ameona.

Kiangazi cha mwaka huo mbogo mmoja, dume zee lililofukuzwa na kundi lake, lilishuka mbugani chini ya kijiji, palipo na bustani za viazi vitamu na kisima. Njia ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikitoka pwani kwenda Ujiji, inapita hapohapo kando ya mbuga, na watu bado huitumia. Likala matuta ya watu, likamfukuza mwanamke hadi akaacha ndoo. Kasimiri akamwita Damas, na kijiji kikafuata kuangalia, kwa sababu tangu apewe bunduki hawakuwahi kumwona akiitumia kwa kitu kikubwa.

Lilikuwa limesimama wazi, ubavu wake umeelekea kwao. Hata mtoto angelipiga. Damas alisikia macho ya watu mgongoni mwake kama joto la tanuri. Akaweka kitako bega la kulia, akafyatua, na mbogo akajikunja kwa nyuma, akaruka, akaingia kwenye kichaka kizito kilicho kati ya kijiji na kisima. Vumbi lilitulia. Masolwa alikwenda akainama, akarudi na jani lenye damu nyeusi iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa.

"Tumboni," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza utani.

Kila mtu wa nchi ile anajua maana yake. Mbogo aliyepigwa tumboni hafi siku hiyo. Anakaa kichakani na maumivu yake, anasubiri wa kwanza kupita. Na aliyemjeruhi ndiye anayemfuata. Hakuna kumtuma mwingine.

"Kesho asubuhi," Kasimiri alisema. "Leo jua limeelemea. Wanawake wasiende kisimani, na njia ifungwe kwa matawi." Halafu akamsogelea Damas, akashusha sauti. "Mwanangu, kesho isiwe kama leo. Akimuua mtu, baraza litaniuliza mimi nani alikupa bunduki. Na bunduki sitaweza kukuachia."

Nyumbani Josepha alichemsha maji kidogo, maana yaliyobaki mtungini yalikuwa ya kupimwa. Alifunua bega la mumewe.

"Leo ni la kulia," alisema.

"Watu walikuwepo."

"Na kesho?"

"Kesho nao watakuwepo."

Josepha akakamua kitambaa. "Na mbogo naye atakuwepo, Baba Pelagia."

Hawakula vizuri jioni ile. Matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yalikuwa kwenye sahani na jua lilikuwa bado halijazama, na wote walikuwa uani: Nikolaus kwenye kiti chake, Eustadia, mama wa Damas, akichambua kunde, Josepha na mtoto mgongoni. Hapo ndipo Damas aliposema, bila kumtazama baba yake, kama anayeungama kwa mtu wa pembeni.

"Nikiweka kulia ninazo risasi zote, na hata moja haiendi ninapotaka. Nikiweka kushoto ninayo moja, na inakwenda. Ila ni moja. Nikianza kulitafuta komeo, mbogo ameshafika."

Nikolaus aliweka chini tobolwa alilokuwa ameshika. "Nilidhani jambo hili tulilimaliza," alisema.

"Tulilimaliza mezani, Baba."

"Wangapi wanajua?"

"Mke wangu."

"Basi ibaki hivyo. Utaweka kulia, utatulia, utasali kwanza. Mtu akitulia..."

Eustadia aliweka chini ungo wa kunde. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mumewe alimwogopa zaidi aliponyamaza kuliko aliposema. Akaenda kwenye zizi la mbuzi, akachomoa mti uliokuwa ukishikilia mlango, mti mweusi uliong'arishwa na mikono, wenye panda juu kama herufi Y, akaja nao hadi mbele ya mumewe.

"Mwalimu, huu ni wa nani?"

"Si wa marehemu baba? Unauliza nini, Mama Damas?"

"Alikuwa anauegemezea nini?"

Eustadia akamgeukia mwanawe, akamweleza. Mzee Limbu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu hadi pwani ujana wake wote, na pembe kubwa haishushwi ovyo: ukiishusha unahitaji watu wa kukutwika tena, na msafara hausubiri. Mbebaji akichoka alisimika mti wenye panda, akaiegemeza pembe juu yake, akasimama palepale mzigo ukiwa begani, mikono yote miwili ikiwa huru, akanusa tumbaku yake, akafuta jasho, akaendelea.

"Na alibeba bega gani?" Eustadia alimuuliza mumewe.

"Mama Damas, mtoto anasikia."

"Mtoto ana mtoto. Alibeba la kushoto. Kushoto, kushoto tupu, hata jembe. Msafara mzima walimwita Limbu wa Kushoto, wakampanga upande ambao mzigo wake haugongani na wa mwenzake, basi. Hakuna aliyemfunga. Mimi nimeolewa humu nikamkuta na nundu la upande mmoja kama fahali. Ila humu ndani hatajwi hivyo."

Pelagia alilia kidogo mgongoni kwa mama yake, na kilio chake kikawaokoa wote wasitazamane.

Damas yeye alikuwa anautazama mti. Mikono yote miwili ikiwa huru. Akaingia ndani, akaitoa bunduki, akazitoa risasi zote na kuhakikisha ni tupu, akamwambia mama yake asimike mti. Akalaza mtutu kwenye panda, kitako akakiweka bega la kushoto, kidole cha kushoto kwenye kifyatulio. Mkono wa kulia, ambao siku zote ulikuwa mtumwa wa kushikilia bunduki kwa mbele, haukuwa na kazi tena. Akauinua. Komeo lilikuwa palepale, chini ya kiganja, kana kwamba liliwekwa likimsubiri. Akavuta, akasukuma. Jicho halikutoka kwenye shabaha. Akavuta tena.

Wakati huohuo mti uliteleza, na bunduki ikainama. Ardhi ya kiangazi ilikuwa ngumu kama sakafu. Mti haukuwa na pa kuingia.

"Lazima ushikwe," Damas alisema.

"Nitaushika mimi," Josepha alisema.

"Hapana," Nikolaus alisema. Alisimama, akakunja mikono ya shati lake jeupe, akapiga goti vumbini, upande wa kulia wa mwanawe, akaushika mti kwa mikono miwili chini ya panda. "Vuta tena nione kama unatikisika."

Walifanya hivyo hadi giza likaanza kuingia, bila risasi na bila mazungumzo. Damas alimwona baba yake kutoka juu, utosi wenye mvi na masikio mawili, moja karibu kabisa na mtutu, na woga wake ukabadilika sura. Mchana alikuwa anaogopa kufa akichekwa. Sasa aliogopa kitu kingine.

"Watu wataona, Baba," alisema.

"Wataona," Nikolaus alisema, akaendelea kuushika mti.

Asubuhi wanaume wenye mikuki walikuwa wamekusanyika ukingoni mwa mbuga, Kasimiri mbele yao. Wanawake walisimama nyuma zaidi na mitungi mitupu, maana mchana usingepita bila maji. Masolwa alimwona Nikolaus anakuja na mti begani.

"Mwangaluka, Mwalimu. Umekuja kumzika mbogo kwa ibada?"

"Nikimzika nitakuita uimbe."

"Na mti?"

"Ni wa mwanangu."

Masolwa aliutazama mti, akamtazama Damas, na macho yake yakapunguza mchezo. Kasimiri na wenye mikuki walibaki ukingoni, wao watatu wakaingia.

Ndani ya kichaka hewa ilikuwa imesimama. Masolwa alitangulia ameinama, akigusa majani kwa ncha ya kidole; Damas alimfuata, bunduki mbele ya kifua; Nikolaus nyuma, mti mkononi, midomo ikisogea. Damas alimsikia akisali Salamu Maria kwa sauti ya chini, akasikia kwamba anaruka maneno, yeye aliyewarudisha watoto mwanzo kwa neno moja lililorukwa. Walipita mahali mbogo alipolala. Majani yalikuwa yamelazwa na kushikana kwa damu. Wakapita mahali pa pili, damu ilikuwa mbichi zaidi. Jasho liliingia kwenye jicho la kushoto la Damas, na alilifuta kwa hofu kama mtu anayefuta kioo cha pekee alichonacho.

Masolwa akasimama. Alitazama nyayo, akageuza kichwa taratibu kufuata zilikokwenda, kushoto, kisha nyuma, kisha nyuma zaidi, kwenye njia waliyokwisha kupita.

"Ametuzunguka," alinong'ona.

Mbogo alitokea pale walipotoka. Hakutoka mbio, alitoka kwanza kichwa, pembe zimeshika matawi, akawatazama kama anayewatambua. Halafu akaja. Masolwa alikuwa mtini kabla mtu hajajua kwamba pana mti. Nikolaus akageuka, akasimika mti kati ya mwanawe na mnyama, akapiga goti.

Na Damas, kwa miaka yote ile ya ukanda na sajini na macho ya watu, akaweka kitako bega la kulia. Hakukusudia. Mkono ulikwenda ulikofundishwa kwenda. Aliuona mtutu, akamwona mbogo, na kati ya vitu hivyo viwili hakuona mstari wowote.

"Kushoto," sauti ya baba yake ilisema kutoka chini, kwa upole uleule wa mezani. "Kushoto, mwanangu."

Akahamisha. Kitako kilikaa mahali pake, mtutu ukalala kwenye panda, jicho likafunguka. Akafyatua. Kifua cha mbogo kilitikisika lakini miguu haikusikia habari hiyo. Mkono wa kulia ulikuwa tayari kwenye komeo. Akavuta, ganda likaruka, akasukuma, akafyatua. Mbogo alipiga magoti ya mbele, akainuka. Akavuta tena. Mti haukutikisika. Risasi ya mwisho aliifyatua akiziona kope za mnyama, na mbogo akaanguka kwa ubavu, akasukuma kwa kichwa vumbi lililomfunika Nikolaus hadi kifuani.

Ilichukua muda kabla Nikolaus hajausogeza mkono. Ganda la kwanza la risasi, likiwa la moto kama kaa, lilikuwa limeingia kwenye kola ya shati lake na kukaa shingoni, naye hakuthubutu kulitoa ili mti usitikisike. Alilitoa sasa, akaliangalia, akalitia mfukoni. Damas alimwambia kitu. Nikolaus akageuza kichwa.

"Sema upande huu," alisema. Sikio la kushoto, lililokuwa karibu na mtutu, halikumrudia tena sawasawa.

Kasimiri na wenzake walikuja wakikimbia. Wao, kupitia miti, waliona kitu kimoja tu: mzee mbele amepiga goti na kijana amesimama nyuma yake. Hapo ndipo masimulizi yalipozaliwa. Masolwa, aliyeona kila kitu kutoka juu, alisema ukweli siku hiyohiyo na siku nyingi baadaye, lakini alikuwa mtu wa mizaha mno, na waliomsikiliza walingoja mwisho wa mzaha.

Kasimiri aliutazama mti, akatazama bunduki.

"Damas, umepigia bega gani?"

"La kushoto, Mwanangwa."

Wenye mikuki wakasogea karibu. Mmoja alicheka puani, akasema kwamba kumbe ndiyo maana, askari wa mkono wa kike. Kasimiri akamgeukia Nikolaus, kwa sababu watoto wake mwenyewe walikuwa wamepita kwenye ukanda wa Mwalimu.

"Mwalimu, hili unalijua?"

Damas akageuka kumtazama. Baba yake alikuwa anakung'uta vumbi kwenye shati ambalo halingekuwa jeupe tena.

"Baba yangu alikuwa wa kushoto," Nikolaus alisema. "Na mwanangu ni wa kushoto. Mti huu ni wao."

Huko njiani wanawake hawakungoja shauri liishe. Walikuwa wameshaondoa matawi na wanashuka kisimani na mitungi yao, mmoja nyuma ya mwingine, wakizungumza kwa sauti. Kasimiri aliwatazama hadi wa mwisho akapita.

"Bunduki ibaki ilipo," alisema.

Damas aliishika hadi alipokuwa na mvi, na Josepha akawa anakanda bega moja tu. Moshi wa baruti ulimwachia vidoadoa vyeusi kwenye shavu la kulia, upande wa komeo, ambavyo wasiojua walidhani ni ndui. Hofu haikumtoka kabisa; kila alipoitwa aliangalia kwanza kama mti uko mlangoni. Akila, akisalimia, akipokea kitu kwa mgeni, alitumia mkono wa kulia kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Masimulizi ya kujificha hakuyapinga hata mara moja. "Ni kweli Baba alikuwa mbele," alikuwa akisema, na waliomuuliza wakaondoka wameridhika na jibu wasilolielewa. Kovu dogo la duara lilibaki shingoni kwa Nikolaus, juu kidogo ya kola, na hakuwahi kufunga kola hiyo juu zaidi ili kulificha.

Muda fulani baada ya hapo mama mmoja alimleta mtoto kwenye mafundisho, akaeleza kwa aibu kwamba anaandika kwa mkono mbaya, na akauliza kama Mwalimu bado anao ukanda. Nikolaus alimgeuzia sikio lililo zima ili amsikie. Kisha akamshika mtoto bega, akampeleka hadi mwisho wa benchi, upande wa kushoto, ambapo kiwiko chake kisingemgonga mtu, akamkalisha, akampa chaki, akaendelea na somo.